Lango la Protoni Katika Maji Mekundu ya Chumvi

Nilikulia karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, huachwa juani kwa majuma mengi, na huhamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine kadiri yanavyokolea, mpaka chumvi inapoanza kuganda chini. Ami yangu ndiye aliyeshika lango la mfereji wa baharini. Kazi yake ilikuwa kuijua saa ya maji kujaa, hasa siku za bamvua, kulifungua lango wakati maji ya nje yamepanda kuliko ya ndani, na kulifunga kabla hayajaanza kupwa. Lango likichelewa kufungwa, maji yaliyoingia hurudi yalikotoka na kazi ya siku nzima huwa bure. Utotoni nilidhani kazi ile ni ya kufungua. Ami alinisahihisha: "Kufungua kila mtu anaweza, mwanangu. Mimi nalipwa kwa kufunga."

Bwawa la mwisho, lile ambalo chumvi yake imekaribia kuiva, lilikuwa jekundu kama maji yaliyolowekwa rosela. Nilimwuliza kama wametia rangi. Akanijibu kwamba hawakutia kitu, ni maji yenyewe hugeuka yakikolea, na kwamba bwawa lisilogeuka rangi humtia wasiwasi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni nilipojua kwamba ndani ya wekundu ule wanaishi viumbe wa chembe moja, na kwamba baadhi ya jamaa zao wanaishi kwa kazi inayofanana mno na ya ami. Katika utando unaozizunguka seli zao yamo malango madogo ya protini, na jua ndilo linaloyafungua na kuyafunga. Tangu siku hiyo sijaacha kusoma habari za malango hayo, na hasa habari ya namna yanavyobadili umbo yakiwa kazini, kwa sababu siri yote ya kazi yao imo katika kubadilika huko.

Niondoe kwanza dhana moja ambayo nimeikuta mara nyingi. Wekundu wa maji ya chumvi kwa sehemu kubwa hautokani na lango lenyewe. Unatokana na rangi za jamii ya karotini ambazo viumbe hao hujikinga nazo dhidi ya ukali wa jua, pamoja na mwani uitwao Dunaliella unaoota humo humo. Lango lina rangi yake, nayo ni zambarau. Kiumbe aliyechunguzwa kuliko wote katika habari hii ni Halobacterium salinarum, ambaye licha ya jina lake si bakteria bali ni wa kundi la arkea, viumbe wengine wa chembe moja wanaofanana na bakteria kwa umbo tu. Anahitaji maji yenye chumvi nyingi kiasi cha kuua karibu kila kiumbe tunachokijua, na ukimtia katika maji matamu hupasuka.

Kupasuka huko ndiko kulikoonyesha njia. Walther Stoeckenius, akifanya kazi San Francisco, aliviacha vijidudu hivyo vipasuke majini, akatenganisha mabaki kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, akapata vipande vya utando vyenye rangi ya zambarau. Mwaka 1971 yeye na Dieter Oesterhelt, mkemia aliyetoka Munich, walitangaza kwamba vipande hivyo vina protini ya aina moja tu, na kwamba rangi yake inatokana na retinali, ndugu wa karibu wa vitamini A. Retinali ndiyo inayopokea mwanga ndani ya macho yetu. Kuikuta katika kiumbe asiye na jicho wala kichwa lilikuwa jambo zito kuaminika. Protini hiyo wakaiita bakteriorodopsini, kwa kuilinganisha na rodopsini ya jicho.

Mwaka 1973 wakaeleza kazi yake. Ukiviangazia vijidudu hivi vilivyonyimwa hewa, maji yanayovizunguka huzidi kuwa na asidi, na asidi maana yake ni wingi wa protoni, yaani viini vya haidrojeni vilivyobaki bila elektroni yao. Utando wa zambarau ulikuwa unatoa protoni nje ya seli. Wakati ule wanabiolojia wengi walikuwa bado wanabishana kuhusu wazo la Peter Mitchell wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 1961 alikuwa akisema kwamba seli huhifadhi nishati kwa kurundika protoni upande mmoja wa utando, kisha huzirudisha kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli ambayo seli huitumia kama sarafu ya nishati, kama maji yaliyozuiwa kwa bwawa yanavyozungusha mtambo. Mwaka 1974 Efraim Racker na Stoeckenius walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta, wakavipachika bakteriorodopsini pamoja na kimeng'enya cha ATP kilichotolewa katika moyo wa ng'ombe, wakawasha taa. ATP ikatengenezwa. Protini ya kijidudu cha chumvini na protini ya ng'ombe hazikuwahi kukutana katika maisha yao yote, na hakukuwa na kitu cha kuziunganisha ila protoni zenyewe. Sijui jaribio lililonifurahisha zaidi ya hilo katika masomo yangu yote. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya shule hupita haraka. Kusema kwamba protini inasukuma protoni kwa nguvu ya mwanga si maelezo. Mwanga hauisukumi protoni. Tena ukitoboa utando na kuweka njia iliyo wazi pande zote mbili, protoni zitapita kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, na rundo lote litamalizika. Tundu hata likiwa zuri namna gani haliwi pampu. Ili liwe pampu, lazima pawe na mahali katikati panapoishika protoni, na mahali hapo pawe na njia ya kwenda upande mmoja tu kwa wakati mmoja: pakiwa na njia ya nje, ya ndani iwe imezibwa, pakiwa na njia ya ndani, ya nje iwe imezibwa. Zaidi ya hayo, mgeuko kutoka hali moja hadi nyingine lazima utokee baada ya protoni kuondoka, usitokee kabla yake. Swali la bakteriorodopsini, basi, ni swali la ami: lango linajuaje saa ya kufungwa?

Umbo la protini hii lilianza kuonekana mwaka 1975, Richard Henderson na Nigel Unwin wa Cambridge walipoupiga utando wa zambarau picha kwa hadubini ya elektroni. Miale ya elektroni huichoma protini kabla picha haijakamilika, kwa hiyo walitumia miale hafifu sana, wakaukausha utando ndani ya glukosi ili usiharibike, na wakajumlisha taarifa za maelfu ya molekuli zilizojipanga kwa utaratibu. Utando huu una bahati hiyo ya pekee: bakteriorodopsini hujipanga zenyewe tatu tatu, kama vigae sakafuni, hivyo kila kipande cha utando ni fuwele ya asili. Picha yao ilionyesha nguzo saba zilizojisokota, zikiwa zimesimama kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine. Mwaka 1990 Henderson na wenzake walitoa umbo lenye maelezo ya kufikia atomu, na njia aliyoanza kuipasua kwa protini hii ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Mnyororo wa protini hii una asidi amino 248, yaani vipande vidogo vinavyoiunda protini, na kila kimoja hutajwa kwa namba ya nafasi yake katika mnyororo. Retinali imelala katikati ya nguzo saba, imefungwa kwenye nguzo ya saba katika asidi amino ya 216, ambayo ni lisini. Kiungo hicho kati ya retinali na lisini kina naitrojeni iliyoshika protoni moja, na hiyo ndiyo protoni ya kwanza kusafiri. Nusu ya chini, ile inayoelekea nje ya seli, ni njia yenye unyevu: yamo maji, imo asidi ya aspatiki ya 85 iliyo karibu kabisa na kiungo, na karibu na uso wa nje zipo asidi mbili za glutamiki, ya 194 na ya 204. Nusu ya juu, inayoelekea ndani ya seli, ni kavu, imejaa sehemu za mafuta zilizobanana, na katika ukavu huo imekaa peke yake asidi ya aspatiki ya 96 ikiwa imeng'ang'ania protoni yake. Kwa hiyo gizani lango linatazama nje, na upande wa ndani umezibwa.

Sasa jua limetoka. Retinali hunasa vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 568, yaani kati ya kijani na manjano, na ndiyo sababu macho yetu huiona zambarau, rangi inayobaki. Katika kila fotoni kumi, yaani chembe za mwanga, zinazonaswa, takriban sita hufanikiwa kuianzisha safari. Kinachotokea kwanza ni kidogo lakini cha haraka mno: mkia wa retinali, ambao ulikuwa umenyooka, hupinda katika kiungo kimoja tu, kati ya kaboni ya 13 na ya 14, kwa muda wa femtosekunde 500 hivi, yaani nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Nguzo saba hazijapata nafasi hata ya kutikisika. Retinali iliyopinda imejikuta katika chumba kilichoshonwa kwa kipimo cha retinali iliyonyooka, imejikunja kama upinde uliovutwa. Mwanga umeshamaliza kazi yake. Yote yanayofuata, ambayo huchukua muda mrefu kuliko hapo mara bilioni nyingi, ni upinde huo kuachia mvuto wake kidogo kidogo.

Watafiti wamezipa hatua hizi majina ya herufi: K, L, M, N na O. Walizitambua muda mrefu kabla ya kuyaona maumbo yenyewe, kwa sababu protini hii hubadilika rangi katika kila hatua. Kama mabwawa ya chumvi, rangi yake inakuambia imefika wapi. Katika hatua ya M hugeuka manjano kabisa, kwani hunasa mwanga wa nanomita 412, na umanjano huo una maana moja tu: protoni imeondoka kwenye kiungo cha retinali.

Imekwenda wapi? Katika muda wa mikrosekunde kadhaa hadi makumi ya mikrosekunde, imeruka hadi asidi ya aspatiki ya 85. Asidi hiyo ilikuwa na chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuvuta upande wake mkono wa ajinini ya 82. Chaji ikishafutwa na protoni, mkono ule hugeukia nje, na karibu na uso wa nje protoni nyingine huachiliwa kutoka katika kundi la glutamiki zile mbili na maji yaliyo kati yao. Angalia vizuri: protoni inayotoka nje si ile iliyoondoka kwenye kiungo. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani. Ndoo inayomwagwa mwisho wa mstari si ile iliyochotwa sasa hivi.

Nikiwa mwanafunzi nilikwama hapa kwa muda mrefu, na nadhani ndipo mtu yeyote anapopaswa kukwama. Protoni iliyo kwenye aspatiki ya 85 iko karibu sana na kiungo ilikotoka. Kwa nini isirudi? Ikirudi, fotoni imepotea bure. Jibu lililojengeka kwa miaka ni kwamba mambo kadhaa yanatokea kwa zamu. Kwa kupinda, retinali imeigeuza naitrojeni ya kiungo kutoka upande wa nje. Molekuli ya maji iliyokuwa kati ya kiungo na aspatiki, ambayo ilikuwa daraja lao, imetoweka mahali pake. Na kwa kuwa ajinini imesogea na protoni imeshaachiliwa kule usoni, aspatiki ya 85 sasa inaishika protoni yake kwa nguvu kubwa zaidi kuliko mwanzo. Lango la nje limefungwa.

Ndipo nguzo zinapoingia kazini. Retinali, katika jitihada ya kujinyoosha ikiwa bado imepinda, huisukuma juu triptofani ya 182, asidi amino kubwa yenye umbo bapa iliyo sehemu ya nguzo ya sita. Msukumo ni mdogo, lakini nguzo ni ndefu. Ncha ya ndani ya nguzo ya sita huinamia nje, mbali na kitovu cha protini, na nguzo ya tano huifuata. Ule ukavu wa nusu ya juu unavunjika. Maji huingia mahali ambapo hayakuwapo, na molekuli zake chache hujipanga mstari kutoka aspatiki ya 96 hadi kwenye kiungo cha retinali. Aspatiki hiyo iliishika protoni kwa nguvu kwa sababu tu ilikuwa pakavu. Ikishaguswa na maji, inaiachia, na protoni hupita juu ya mstari wa maji hadi kwenye kiungo. Hapo tuko katika hatua ya N, na muda uliopita ni milisekunde chache. Kisha aspatiki ya 96 huchota protoni mpya kutoka ndani ya seli, retinali hujinyoosha, nguzo ya sita hurudi mahali pake, na mwishowe aspatiki ya 85 huikabidhi protoni yake kwa kundi la glutamiki kule nje. Mzunguko mzima huchukua takriban milisekunde 10, na umehamisha protoni moja.

Namna mwendo huu wa nguzo ulivyothibitishwa ni habari ya uvumilivu. Mwaka 1993 Sriram Subramaniam, Henderson na wenzao waliuangazia utando, wakaugandisha ghafla kabla haujarudi katika hali yake, na miale ya elektroni ikaonyesha kwamba upande wa ndani umebadilika. Mwaka 2000 wawili hao walitoa umbo la protini iliyobadilishwa asidi amino tatu, ambayo hukaa imefunguka hata bila mwanga, na humo nguzo ya sita ilionekana wazi ikiwa imeinama. Wakati huo huo Ehud Landau na Jürg Rosenbusch wa Basel walikuwa wamegundua mwaka 1996 namna ya kuotesha fuwele ndogo za protini za utando ndani ya mchanganyiko wa mafuta na maji, jambo lililowezesha kuzipima kwa eksirei. Kutokana na fuwele hizo, mwaka 2016 kundi lililofanya kazi katika mtambo wa eksirei wa SACLA nchini Japani lilitoa picha za nyakati 13 zinazofuatana, kutoka nanosekunde 16 hadi milisekunde 1.76 baada ya mwanga, na humo unaiona triptofani ya 182 ikisukumwa, maji yakihama, na nguzo zikianza kwenda. Mwaka 2018 kundi jingine, likitumia mtambo wa eksirei wa Stanford nchini Marekani, lilifika hadi kwenye femtosekunde zenyewe ambamo retinali hupinda.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa sababu ya wepesi wake. Mwaka 1995 watafiti walibadilisha asidi amino moja tu, wakaiweka threonini mahali pa aspatiki ya 85, na pampu ya protoni ikawa pampu ya kloridi, tena inayosukuma kuelekea ndani. Nguzo ni zile zile na mgeuko ni ule ule, mzigo ndio uliobadilika. Nadhani jaribio hilo linaonyesha vizuri kuliko michoro mingi kwamba kiini cha mtambo huu ni mgeuko wenyewe. Pampu za kloridi zipo pia kwa asili. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambalo maji yake ya magadi yana uchache mkubwa wa protoni, mwaka 1984 walielezwa arkea wapenda chumvi wa jenasi ya Natronobacterium, na mmoja wa aina zilizowekwa katika kundi hilo, ambaye leo anaitwa Natronomonas pharaonis, ana pampu ya kloridi ya aina hii. Pampu yake ndiyo iliyokuja kutumiwa na watafiti wa ubongo kuzinyamazisha seli za neva kwa mwanga.

Limebaki bishano moja, nalo ni la kipimo. Katika fuwele molekuli zimebanwa na jirani zao, na mwendo wa nguzo ya sita katika protini ya kawaida huonekana mdogo kuliko katika ile iliyobadilishwa asidi amino tatu. Wapo wanaosema ufunguzi mkubwa ni tabia ya protini iliyobadilishwa, na kwamba protini ya asili inahitaji mpenyo mwembamba tu wa kupitisha molekuli chache za maji. Mimi naegemea upande wa wale wanaoamini kwamba nguzo huenda zaidi ya fuwele zinavyoruhusu, na sababu yangu ni kazi ya mwaka 2010 ya kundi la Toshio Ando huko Kanazawa. Walichukua utando ambao aspatiki yake ya 96 imebadilishwa ili protini ikae imefunguka kwa sekunde kadhaa, wakaulaza juu ya bapa la mika ndani ya maji, wakaupapasa kwa ncha nyembamba ya hadubini ya nguvu za atomu iliyo na kasi ya kupiga picha kadhaa kwa sekunde. Gizani, zile protini zilizojipanga tatu tatu zilikuwa zimetulia zikikaribiana. Taa ya kijani ilipowashwa, upande wa ndani wa kila moja ulisogea nje kwa kiasi cha sehemu saba za kumi za nanomita, hata ukagusana na wa kundi la jirani. Taa ilipozimwa, zilirudi moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Safari moja nilimwonyesha ami kwenye simu, baada ya kumweleza kwamba hiki ndicho kinachofanyika ndani ya maji ya chumvi huko duniani. Aliitazama hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akaniuliza ni nani anayezijulisha saa ya kufunga. Nikamwelezea habari ya retinali iliyokunjwa, ya triptofani na ya maji yanayoingia penye ukavu, na tulikaa pale barazani mpaka adhana ya magharibi.